Saa ya Cairo kwenye kompyuta kongwe: kusahihisha kanuni bila kugusa akrabu

Kompyuta ikikosea saa kwa dakika 17, au ikiamka asubuhi ikidai huu ni mwaka 2002, tatizo ni betri. Fungua kasha, chomoa ile CR2032 kwenye mazabodi, weka mpya, funga. Lakini ikikosea kwa saa moja kamili, dakika 60 bila kuzidi wala kupungua, na kosa likawa limeanza usiku mmoja mwishoni mwa Aprili, betri iache. Mashine inahesabu vizuri tu. Kilichochakaa ni kanuni iliyomo ndani yake, ile inayoiambia lini nchi fulani inasogeza saa mbele na lini inairudisha nyuma.

Kenya, Tanzania na Uganda hazina mchezo huo. Karibu na ikweta mchana haurefuki kiasi cha kumhangaisha mtu. Fundi wa Mombasa anaweza kula mkate wake miaka kumi bila kukutana na tatizo hili, hadi siku anayokabidhiwa kompyuta za ofisi iliyoko Cairo. Na kukabidhiwa si ajabu, maana Misri ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa chai ya Kenya, na palipo na biashara pana kompyuta ya zamani pembeni ambayo hakuna anayethubutu kuizima. Ndiyo maana nimeichukua Misri iwe mfano wangu. Ukiielewa hii, nchi nyingine zote utazimudu kwa kubadilisha namba.

Misri na saa zake

Misri ilifuta saa za majira ya joto mwaka 2011. Ikazirejesha 2014, na mwaka huo ikazisimamisha katikati kwa ajili ya Ramadhani, kwa hiyo saa zilibadilishwa mara nne ndani ya mwaka mmoja: Mei, Juni, Julai na Septemba. Mwaka 2015 zikafutwa tena. Mwaka 2016 ikatangazwa kwamba zinarudi Julai, kisha siku chache kabla ya tarehe yenyewe mpango ukaondolewa, wakati watengenezaji wa programu walikuwa wameshaanza kusambaza masasisho. Baadaye, mwaka 2023, zikarudi kwa sheria, na kanuni yake ndiyo inayotumika:

Saa inasogezwa mbele usiku wa kuamkia Ijumaa ya mwisho ya Aprili, saa 6 kamili. Inarudishwa nyuma Alhamisi ya mwisho ya Oktoba, usiku wa manane siku hiyo inapokwisha.

Mara ya kwanza ilikuwa 28 Aprili 2023. Sasa angalia upande wa mashine. Windows 7 ilikoma kupata masasisho ya bure tarehe 14 Januari 2020, na waliolipia muda wa ziada nao wakafika kikomo Januari 2023. Sheria ya Misri imekuja miezi michache baada ya mlango kufungwa. Windows XP ilikuwa imeachwa tangu Aprili 2014. CentOS 6 iliachwa Novemba 2020. Mashine zote hizo zikiwa Cairo zinaamini hadi leo kwamba Misri haisogezi saa.

Wamarekani walilionja hili mapema. Sheria yao ya mwaka 2005 ilibadilisha tarehe kuanzia 2007, kutoka Jumapili ya kwanza ya Aprili kwenda Jumapili ya pili ya Machi, na mwisho kutoka Jumapili ya mwisho ya Oktoba kwenda ya kwanza ya Novemba. Windows 2000 wakati huo ilikuwa imetoka kwenye huduma ya kawaida, na mafundi wengi wakajikuta wanahariri kanuni kwa mkono. Mbinu waliyoitumia ndiyo hii hii nitakayoonyesha.

Kwa nini usisogeze saa kwa mkono

Kila anayekutana na tatizo hili hukimbilia pembe ya kulia ya skrini, anabofya saa na kuongeza moja. Naelewa. Lakini kompyuta ya kisasa kiasi, na hapa naihesabu hata Windows 2000, haitunzi saa ya ukutani. Inatunza saa ya Greenwich, yaani UTC, kisha inaongeza tofauti ya ukanda wake ndipo ikuonyeshe. Ukisogeza saa ya ukutani ilhali kanuni ni mbovu, unachosogeza hasa ni UTC. Umeharibu kilichokuwa sahihi ili kufidia kilichokosea.

Matokeo hayachelewi. Kama mashine inajilinganisha na seva ya saa mtandaoni, itarudishwa kule kule, kwa sababu seva za NTP hugawa UTC tu na hazijui lolote kuhusu Aprili ya Misri. Mwenye ofisi atakupigia simu: “Fundi, nimeirekebisha asubuhi, mchana imerudi.” Kama mashine iko kwenye mtandao wa ofisi wenye seva ya kuingilia, Kerberos, utaratibu wa kuthibitisha anayeingia, kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika 5 tu, saa moja ni nyingi mno, na mfanyakazi atakataliwa ingawa neno lake la siri ni sahihi. Barua pepe zitatoka na muhuri wa saa ijayo. Nimewahi kuikuta ofisi moja ambako watu watatu, kila mmoja kwa siri, walikuwa wameisogeza seva ileile kwa nia njema. Ilikuwa saa tatu mbele.

Kwa hiyo kazi ni moja: UTC iwe sahihi, ukanda uwe sahihi, na kanuni ya ukanda iwe sahihi. Anza kwa kuhakikisha mbili za mwanzo, kisha ndipo uguse ya tatu.

Na kabla ya yote, tukubaliane lugha. Sisi tukisema saa 6 usiku, mashine inasema 00:00. Saa 8 usiku ni 02:00. Saa 4 asubuhi ni 10:00. Mmisri akikwambia “saa nne” kwa Kiarabu anamaanisha 4 ya kwenye uso wa saa. Chochote kinachoingia kwenye kompyuta au kwenye karatasi ya kazi kiandike kwa mtindo wa saa 24, hata kama mdomoni mnaongea Kiswahili. Mimi nilijifunza hilo baada ya kupanga nakala rudufu ya “saa nane usiku” ikafanyika saa 08:00, watu wote wakiwa kazini.

Hatua ya kwanza: orodhesha vyenye kanuni

Kanuni haikai mahali pamoja. Mfumo endeshi una yake. Java ina yake. PHP ina yake. Hifadhidata nazo: PostgreSQL inaweza kuwa na yake, na MySQL huwa na nakala kwenye majedwali ikiwa mtu aliijaza. Unaweza kusahihisha Windows vizuri kabisa, saa ya pembeni ikaonyesha sawa, halafu programu ya ankara iliyoandikwa kwa Java ikaendelea kuchapa saa ya zamani. Zunguka kila mashine, andika mfumo wake, toleo lake, na kila programu inayochapa tarehe. Kazi hii inachosha, na ndiyo inayookoa usiku wenyewe.

Kwenye orodha hiyo weka alama mashine ambazo hazihitaji kanuni mpya, ila ukanda tofauti tu. Mfano mzuri ni Juba. Sudan Kusini ilirudisha saa nyuma tarehe 1 Februari 2021, ikatoka UTC+3 ikaenda UTC+2 moja kwa moja, bila majira ya joto. Windows 7 iliyokosa sasisho la mwaka huo haina ukanda wa Sudan Kusini, lakini ina ukanda wa Harare na Pretoria, ambao ni UTC+2 na hausogezi saa. Uchague huo, kazi imekwisha. Jina la mji si lako, lakini saa ni yako. Usichague Cairo kwa sababu tu iko karibu kwenye ramani, utakuwa umejinunulia tatizo.

Windows XP na 2000

Kanuni za Windows zinakaa kwenye rejista, yaani hifadhi ya mipangilio yake, hapa:

HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\Time Zones

Ndani yake kila ukanda una folda. Ya Misri inaitwa Egypt Standard Time, ya kwetu E. Africa Standard Time. Windows 98 nayo ina mpangilio wa namna hiyo, ila njia inapita kwenye Windows badala ya Windows NT. Ndani ya folda kuna kitu kiitwacho TZI, baiti 44 za namba. Watu huziogopa bure. Zimegawanyika hivi, kwa mpangilio huu:

Baiti 4 za kwanza ni umbali kutoka UTC kwa dakika, ishara ikiwa imegeuzwa: Misri ni −120, ambayo kwa maandishi ya mashine ni 88 ff ff ff. Baiti 4 zinazofuata ni nyongeza ya majira ya kawaida, daima sufuri. Nyingine 4 ni nyongeza ya majira ya joto, −60, yaani c4 ff ff ff. Kisha baiti 16 za tarehe ya kurudi kwenye saa ya kawaida, na 16 za mwisho ni tarehe ya kuingia majira ya joto. Zingatia kwamba kurudi kumetangulia kuingia. Mafundi wengi wamepotelea hapo, wakaipa Misri majira ya joto ya Desemba.

Kila tarehe ina vipande vinane vya baiti mbili mbili: mwaka (sufuri maana yake kila mwaka), mwezi, siku ya wiki (Jumapili ni 0, Alhamisi 4, Ijumaa 5), ni ya ngapi ndani ya mwezi (5 maana yake ya mwisho), saa, dakika, sekunde, na sehemu za elfu za sekunde.

Hapa Misri ina kiunzi chake. Saa inarudi Alhamisi inapokwisha, saa 24:00. TZI haina saa 24. Utasema basi tuandike Ijumaa ya mwisho 00:00, si ni kitu kilekile? Sicho. Mwaka 2024 Alhamisi ya mwisho ya Oktoba ilikuwa tarehe 31, kwa hiyo mwisho wake ulikuwa Novemba mosi, wakati Ijumaa ya mwisho ya Oktoba ilikuwa imepita tangu tarehe 25. Ungekosea wiki nzima. Msomaji wa Kiswahili analijua vizuri tatizo hili: bibi yangu akisema “usiku wa Ijumaa” alimaanisha Alhamisi jua likishatua, na kijana wa leo anamaanisha Ijumaa yenyewe. Windows huliondoa kwa kuandika Alhamisi ya mwisho, saa 23:59:59 na sehemu 999 za elfu za sekunde. Inafanana na utani, lakini inafanya kazi.

Sasa utekelezaji. Kwanza hifadhi ya zamani: fungua regedit, simama kwenye folda ya Egypt Standard Time, chagua Export, hifadhi kwenye flashi. Kisha fungua Notepad, andika yafuatayo, na uyahifadhi kwa jina misri.reg. Mstari wa TZI uwe mmoja, usiukate:

Windows Registry Editor Version 5.00

[HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\Time Zones\Egypt Standard Time]
"TZI"=hex:88,ff,ff,ff,00,00,00,00,c4,ff,ff,ff,00,00,0a,00,04,00,05,00,17,00,3b,00,3b,00,e7,03,00,00,04,00,05,00,05,00,00,00,00,00,00,00,00,00

Hesabu namba zako. Zikizidi au kupungua 44, usiendelee. Bofya faili mara mbili, kubali.

Bado hujamaliza, ingawa wengi huishia hapa kisha wanalaumu mwongozo. Ulichobadilisha ni orodha ya kanda. Windows inafanya kazi kwa nakala iliyoichota siku ukanda ulipochaguliwa, na nakala hiyo iko mahali pengine, chini ya SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation. Usiihariri hiyo. Fungua Date and Time, nenda Time Zone, chagua ukanda mwingine wowote, bonyeza Apply, kisha rudi Cairo, hakikisha kisanduku cha kurekebisha saa chenyewe kimewekwa tiki, bonyeza Apply tena. Hapo ndipo nakala mpya inachotwa.

Hakiki kwa kuandika w32tm /tz kwenye dirisha la amri la XP. Itakuonyesha mwezi, namba na siku ya wiki kwa kila upande. Ukiona M:10 D:5 DoW:4 kwa saa ya kawaida na M:4 D:5 DoW:5 kwa majira ya joto, umefaulu.

Jambo moja uwaambie wenye mashine mapema: XP ina nafasi ya kanuni moja tu kwa kila ukanda, haina kumbukumbu ya miaka. Ukiiwekea ya 2023, itaitumia hata kwa Julai 2018, ambayo haikuwa na majira ya joto. Ankara za zamani zikifunguliwa zinaweza kuonekana zimesogea saa moja. Data yenyewe haijaguswa, ni maonyesho tu, lakini mhasibu hatakuelewa kama hukumtayarisha.

Windows 7

Hapa kuna chumba cha ziada. Chini ya folda ya ukanda kuna folda ndogo iitwayo Dynamic DST, yenye kanuni ya kila mwaka peke yake, pamoja na FirstEntry na LastEntry zinazosema orodha inaanzia na kuishia mwaka gani. Mwaka ukizidi LastEntry, Windows hutumia kanuni ya LastEntry. Kwa hiyo kubadilisha TZI peke yake hakutoshi. Mashine itaenda kwenye Dynamic DST, itakuta mwaka wa mwisho hauna majira ya joto, na itakupuuza.

Angalia LastEntry inasemaje. Kila mwaka kati ya huo na 2022 uupe mstari wa “hakuna majira ya joto”: 88,ff,ff,ff, sufuri nne, c4,ff,ff,ff, kisha sufuri 32. Mwaka 2023 uupe mstari kamili ule wa juu. Halafu LastEntry iwe dword:000007e7, ambayo ndiyo 2023. Na TZI ya folda kubwa nayo ibadilishe iwe sawa na ya 2023. Faida yake ni kwamba Windows 7, tofauti na XP, inajua Julai 2018 ilikuwaje.

Kuchota nakala upya ni rahisi zaidi, kwa amri mbili zinazoendeshwa na msimamizi:

tzutil /s "E. Africa Standard Time"
tzutil /s "Egypt Standard Time"

Safari ya sekunde mbili Nairobi na kurudi.

Linux na Unix kongwe

Upande huu kazi imefanyiwa nusu na watu wengine. Kuna hifadhidata ya kanda za saa iliyoanzishwa na Arthur David Olson, kwa miaka mingi sasa inasimamiwa na Paul Eggert, na tangu 2011 inatunzwa chini ya IANA, shirika linaloratibu majina na namba za intaneti. Karibu kila Linux, simu na lugha ya programu hunywa kutoka kisima hicho. Kanuni mpya ya Misri iliingia kwenye toleo 2023a. Toleo lolote kuanzia hapo linafaa, na la karibuni ndilo bora.

Ni hifadhidata inayopendeza kuisoma hata bila kazi. Nairobi yenyewe imo na historia yake yote, pamoja na ile miaka tangu 1937 hadi mwisho wa Julai 1942 ambapo Kenya ilikuwa saa 2 na dakika 45 mbele ya Greenwich. Dar es Salaam na Kampala humo ni viungo tu vinavyoelekeza Africa/Nairobi.

Mashine kongwe haina hazina ya kupakulia tena, kwa hiyo tengeneza faili kwenye Linux ya kisasa na uibebe. Pakua tzdata-latest.tar.gz kutoka iana.org/time-zones, kisha:

mkdir tz && cd tz
tar xzf ../tzdata-latest.tar.gz
zic -b fat -d /tmp/kanda africa

Hilo neno fat si pambo. Tangu toleo 2020b, zic, programu inayogeuza maandishi ya kanuni kuwa faili za mashine, hutengeneza faili nyembamba kama hujaamuru vinginevyo. Faili nyembamba huacha tupu sehemu ya kwanza, ile ya biti 32 ambayo programu kongwe husoma, na kuandika kanuni kwenye sehemu mpya. Programu ya zamani inaifungua, haikuti kitu, na mara nyingi inaangukia UTC bila kulalamika. Fundi anaona saa imepungua mbili anadhani amekosea ukanda. Tumia fat kwa kila mashine iliyozeeka. Na usijaribu kuendesha zic ya mashine kongwe yenyewe juu ya faili mpya za kanuni: miaka hii maandishi yake yana vitu ambavyo zic ya zamani haivielewi.

Sasa faili iko /tmp/kanda/Africa/Cairo. Ihamishe. Ukitumia scp, huenda mashine mpya ikakataa kuongea na ya zamani kwa sababu ya mbinu za usimbaji zilizopitwa na wakati. Usipoteze saa nzima hapo, tumia flashi. Ukifika:

cp -p /usr/share/zoneinfo/Africa/Cairo /root/Cairo.zamani
cp /root/Cairo /usr/share/zoneinfo/Africa/Cairo
cp /root/Cairo /usr/share/zoneinfo/Egypt
ls -l /etc/localtime

Mstari wa mwisho ndio mtego. Kama /etc/localtime ni kiungo kinachoelekeza Africa/Cairo, umemaliza. Kama ni faili kamili, na kwenye Red Hat na CentOS za zamani ndivyo ilivyo, basi ni nakala ya kanuni ya zamani na haijabadilika. Inakili nayo:

cp /root/Cairo /etc/localtime

Hakiki kwa zdump -v /etc/localtime | grep 2026. Unatafuta mistari minne. Inapaswa kusema kwamba Alhamisi 23 Aprili saa 21:59:59 za UTC ni 23:59:59 Cairo, na sekunde inayofuata ni Ijumaa 24 Aprili saa 01:00:00 EEST, yaani majira ya joto. Kisha Alhamisi 29 Oktoba, 20:59:59 za UTC ni 23:59:59 EEST, na sekunde inayofuata ni 23:00:00 EET, yaani majira ya kawaida, Alhamisi ileile.

Jaribio jingine ninalolipenda:

TZ=Africa/Cairo date -d '2026-04-24 00:30'

Jibu sahihi ni kukataliwa, kwamba tarehe hiyo si halali. Dakika hiyo haitakuwepo duniani kwa mtu wa Cairo. Mashine ikikupa jibu kwa utulivu, bado ina kanuni mbovu.

Programu zinazoendelea huwa zimeshasoma kanuni ya zamani zilipoanza. Anzisha upya cron (inayoendesha kazi zilizopangwa kwa saa), syslog (inayoandika kumbukumbu za mfumo), hifadhidata, seva ya wavuti. Ukiweza, zima na uwashe mashine nzima, usiku, ukiwa karibu.

Kama ni Unix ambayo haitaki faili hizi kabisa, ipe kanuni kwa maneno kupitia TZ:

TZ='EET-2EEST,M4.5.5/0,M10.5.4/24'

Hapa mashariki ya Greenwich ni alama ya kutoa, kinyume na akili ya kawaida. M4.5.5 ni mwezi wa 4, wiki ya mwisho, Ijumaa. Na furaha yake ni kwamba hapa saa 24 inakubalika, hatuhitaji ule ujanja wa elfu 999.

Vyenye kanuni zao wenyewe

Java: Oracle ina zana iitwayo TZUpdater. Iendeshe kwa kila Java iliyomo kwenye mashine, na mashine kongwe huwa na tatu au nne zilizosahauliwa ndani ya folda za programu. PHP: sasisha timezonedb kutoka PECL, hazina ya viongezi vya PHP. MySQL, kama inatumia majina ya kanda:

mysql_tzinfo_to_sql /usr/share/zoneinfo | mysql -u root -p mysql

kisha iwashe upya.

DOS haina ukanda wala kanuni. Inajua saa ya ukutani tu. Hapo ndipo pekee ninaporuhusu akrabu kusogezwa kwa mkono, mara mbili kwa mwaka, na jina la mhusika liandikwe kwenye kalenda ya ukutani. Ukiwa kwenye BIOS ya mashine hizo, tazama kama kuna chaguo la daylight saving na ulizime. Chipu ya saa ya MC146818, ambayo kompyuta nyingi za zamani ziliiga, ilichomewa ndani kanuni ya Marekani ya kabla ya 1987, na haibadilishiki.

Mashine yenye Windows na Linux pamoja nayo iangalie. Zote mbili zikiitunza saa ya BIOS kama saa ya ukutani, kila moja itaisogeza kivyake, na utaamka saa mbili mbele. Kwenye hizo, acha kazi hiyo kwa Windows peke yake.

Usiku wenyewe

Wamarekani husogeza saa saa 8 usiku, wakati kazi nyingi za mashine zimeshapita. Misri huisogeza usiku wa manane, pale pale ambapo kila fundi duniani amepanga nakala rudufu yake. Usiku wa kuamkia Ijumaa ya mwisho ya Aprili, muda wote kati ya 00:00 na 00:59 unaruka. Kazi ya 00:00 inaweza isifanyike, kutegemea cron yako ilivyoandikwa. Mwishoni mwa Oktoba, muda wa 23:00 hadi 23:59 unakuja mara mbili, na kazi ya 23:30 inaweza kufanyika mara mbili. Kama kazi hiyo ni kufunga hesabu za siku, hapo kuna msiba.

Zihamishe kazi zote za usiku ziwe 03:30. Usingoje Aprili, zihamishe leo na uziache huko.

Kuna mdudu mwingine anayejificha hapa. Programu nyingi za zamani zinaamini kila siku huanza 00:00. Ukiomba ripoti ya Ijumaa hiyo, programu inatafuta 00:00 isiyokuwepo, na ama inaanguka ama inarudi Alhamisi. Huwezi kuitibu kutoka nje. Waambie watu ripoti ya siku hiyo waiombe kwa kipindi cha Alhamisi hadi Jumamosi, kisha wachambue wenyewe.

Fanya majaribio kabla, kwenye mashine moja iliyochomolewa mtandao, na yenye nakala. Iweke 23 Aprili 2026, 23:58, ukae uiangalie. Dakika mbili baadaye inapaswa kuruka hadi 01:00. Fanya vivyo hivyo kwa Oktoba. Ukimaliza rudisha tarehe ya leo kwanza, ndipo uchomeke waya wa mtandao.

Miadi iliyokwishaandikwa

Kalenda za Outlook hutunza miadi kwa UTC. Mkutano wa Julai ulioandikwa Machi kwa kanuni mbovu kuwa saa 10:00 Cairo ulihifadhiwa kama 08:00 za UTC. Ukisahihisha kanuni, unaonekana 11:00. Miadi iliyoandikwa baada ya kusahihisha itakuwa sawa, na hakuna alama inayotofautisha hizi mbili. Kwa hiyo kabla ya kugusa rejista, chapisha kalenda za miezi sita kwenye karatasi. Baada ya kusahihisha, kaa na mwenye kalenda mpitie moja moja, hasa Mei hadi Oktoba. Ofisi yenye watu wachache ni kazi ya asubuhi moja. Tangu hapo wazoeshe kuandika saa ndani ya kichwa cha mkutano wenyewe, “10:00 Cairo”, ili karatasi na mashine zikigombana muwe na shahidi.

Kwa ofisi ya Mombasa, kumbuka tofauti yenyewe: Cairo ikiwa majira ya kawaida iko nyuma yetu kwa saa moja, ikiwa majira ya joto tuko sawa. Simu mliyozoea kuipiga saa 4 asubuhi wakiwa ndio wanafungua ofisi saa 09:00, kuanzia mwisho wa Aprili itawakuta wana saa nzima kazini.

Hifadhi misri.reg, faili ya Cairo na ile orodha ya mashine kwenye flashi moja yenye tarehe juu yake. Misri imebadilisha mawazo kabla, na Lebanon mwaka 2023 ilitangaza kuchelewesha saa siku chache kabla ya tarehe, ikageuza uamuzi ndani ya wiki. Hifadhidata ya IANA ikatoa 2023b kisha 2023c kurudi ilikokuwa. Ukisikia tangazo la namna hiyo, ngoja siku mbili ndipo uguse mashine.